Ngoma moja, wachezaji wengi: mbona hatucheki mahali pamoja?

Wako watu mjini London ambao hutoa pesa zao kutazama mchezo ule ule mara tatu au nne katika msimu mmoja. Hadithi wanaijua kama wanavyolijua jina la mama yao. Muziki wanaweza kukuimbia wakiwa ndani ya basi. Kila mzaha, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, wanajua utatokea wapi. Hata hivyo, tikiti zikitangazwa, hawaulizi kutachezwa nini. Wanauliza: "Ni nani anacheza Jumanne? Na Alhamisi je?"

Ukishangaa, jikumbushe mwenyewe. Enzi zile familia nzima ilipokuwa ikikaa mbele ya runinga kungojea Vitimbi, hebu mtu angekuja kukuambia kwamba usiku huo Mzee Ojwang' hataigizwa na Benson Wanjau bali na mtu mwingine aliyefundishwa maneno yale yale. Ungetazama, ndiyo, lakini kwa jicho la hakimu. Ungengoja uone mgeni huyo atateleza wapi.

Huko Covent Garden, katika jumba la Royal Opera House, hali hiyo ni ya kawaida kila mchezo huu unaporudi jukwaani. Jina lake ni la Kifaransa, La Fille mal gardée, na ukilileta kwetu ni kama kusema "Binti Asiyechungwa Vyema". Ni bale ya kuchekesha. Kwa ambaye hajawahi kuiona, bale ni hadithi inayosimuliwa kwa densi na ishara peke yake. Hakuna neno hata moja linalotamkwa. Okestra inapiga muziki, na wachezaji wanasema yote kwa miguu, mikono na uso.

Hadithi yenyewe ungedhani imetoka kijiji cha jirani. Mama Simone ni mjane mwenye shamba na binti mmoja, Lise. Lise anampenda Colas, kijana mkulima, hodari na mchangamfu lakini hana mali. Mama hataki hata kusikia jina lake. Amekwisha kukubaliana na Thomas, tajiri wa mashamba ya mizabibu, kwamba Lise ataolewa na Alain, mwana wa Thomas. Na huyu Alain, kumradhi, mwili umekua lakini akili imebaki utotoni. Anakuja kuposa akiwa na mwavuli mwekundu ambao haachani nao, na anaupanda kama mtoto anayejifanya yuko juu ya farasi.

Basi mama anachunga, binti anachungulia. Siku ya mavuno dhoruba inawatawanya watu wote, na Alain ananyakuliwa na upepo yeye na mwavuli wake. Nyumbani, mama anafunga mlango na kuuficha ufunguo. Wavunaji wanaleta miganda ya ngano, na ndani ya miganda hiyo, nani kajificha kama si Colas! Mama akirudi, Lise anamsukuma kijana chumbani kwake. Mama naye, kwa kushuku, anamfungia Lise katika chumba hicho hicho akavae nguo ya harusi. Tajiri anafika na karani wa mikataba, sahihi zinatiwa, Alain anapewa ufunguo akamfungulie mchumba wake, na mlango ukifunguka... nadhani yaliyobaki umekwisha kuyaona. Tajiri anaurarua mkataba kwa hasira. Wapenzi wanapiga magoti. Mama analainika.

Hadithi hii ilichezwa kwa mara ya kwanza mjini Bordeaux, Ufaransa, tarehe 1 Julai 1789, wiki mbili tu kabla ya watu wa Paris kuivamia ngome ya Bastille. Aliyeitunga ni Jean Dauberval. Wakati ambapo jukwaa la bale lilijaa miungu na wafalme, yeye alileta mjane, ngano na kuku. Densi zake hazikuhifadhiwa, lakini hadithi ilidumu na kuzunguka Ulaya, ikitungiwa densi upya kila ilikofika. Ile inayochezwa London ilitungwa na Mwingereza Frederick Ashton, na usiku wake wa kwanza ulikuwa tarehe 28 Januari 1960. Muziki wa Ferdinand Hérold ulipangwa upya na John Lanchbery. Nyumba, mashamba na mavazi vilichorwa na Osbert Lancaster, ambaye wasomaji wa magazeti ya huko walimjua zaidi kwa vibonzo vyake. Mchezo ulipendwa tangu usiku ule.

Kikosi cha kwanza kilikuwa hivi: Lise alichezwa na Nadia Nerina, mzaliwa wa Afrika Kusini. Colas alikuwa David Blair. Mama Simone alikuwa Stanley Holden, naam, mwanamume, na nitarudi kwake. Alain alikuwa Alexander Grant kutoka New Zealand. Ashton alifanya kazi kama fundi wa cherehani: alimpima kila mmoja, akakata nguo kulingana na kimo chake. Nerina alikuwa na mruko mwepesi wa ajabu, basi Lise akapewa kuruka. Blair alikuwa na nguvu na majivuno ya kijana, basi Colas akapewa kuzunguka na kubeba.

Hapo ndipo utata unapoanzia. Nguo iliyokatwa kwa kipimo cha watu wanne, wengine wote wamekuwa wakiivaa tangu hapo.

Huenda ukauliza, kwa nini basi wasicheze hao hao kila siku hadi wachoke? Ni kwa sababu wangechoka upesi. Mchezaji wa Lise hutoka jukwaani akitiririka jasho kama mpiga mbio. Hawezi kurudia kesho na kesho kutwa. Kwa hiyo vikosi kadhaa hufundishwa kwa pamoja na kupokezana, na zaidi ya hayo mtu huumia kifundo cha mguu, mwingine hujifungua mtoto, mwingine hustaafu. Hatua ni zile zile na muziki ni ule ule. Lakini ukumbi hauitikii sawa, na hilo ndilo limekuwa likinikuna kichwa.

Yako mambo ambayo hayabadiliki, tukubaliane. Pazia likifunguka, wa kwanza kucheza ni jogoo na kuku wanne, yaani watu waliovalia manyoya kuanzia kichwani hadi kwenye kucha. Wanacheka wote, mzee na mtoto, awe nani ndani ya manyoya. Kisha kuna farasi mdogo wa kweli anayevuta kigari cha Mama Simone na bintiye kwenda shambani. Huyo hana mpinzani. Wachezaji wamekaa miaka kumi na zaidi wakijifunza kusimama juu ya vidole vya miguu, naye anaingia kwa miguu minne bila mafunzo yoyote, na ukumbi mzima unamlegea. Hata akibadilishwa, sijasikia shabiki akilalamika kwamba farasi wa zamani alikuwa bora.

Lakini chukua jambo jingine. Katika tamasha la mavuno, Lise na Colas wanacheza densi yao kubwa, na mwishoni Colas anamwinua Lise juu ya kichwa chake na kumkalisha kwenye kiganja cha mkono mmoja. Mkono mmoja, msomaji! Wanaoujua mchezo huanza kujikaza kabla muziki haujafika hapo. Kijana akiwa na mabega mapana na mkono usiotetemeka, shangwe hulipuka kabla hata okestra haijamaliza. Akiyumba kidogo, utasikia pumzi za watu zikivutwa kwa pamoja, halafu Lise akitulia juu kule, shangwe inayokuja huwa kubwa zaidi kuliko ile ya kwanza. Watu hawashangilii ustadi peke yake. Wanashangilia kuokoka. Vile vile katika tepe za rangi zinazofumwa na kufumuliwa kati ya wapenzi hao wawili: siku utepe unapojifunga fundo ambalo halikupangwa, ukumbi wote huwa upande wa msichana anayelifungua huku akitabasamu kama ambaye hakuna kilichotokea.

Inasimuliwa kisa cha zamani kuhusu hilo. Katika Urusi ya wafalme, mchezo huu ulikuwa na kuku wa kweli jukwaani. Mwaka wa 1906 mjini Saint Petersburg, sehemu ya Lise ilichezwa na Olga Preobrajenska. Mathilde Kschessinska, mchezaji mashuhuri wa jumba hilo hilo ambaye hakupenda kuona sehemu zake zikienda kwa wengine, anadaiwa kuwafungulia kuku vizimba Preobrajenska alipokuwa katikati ya densi. Kuku wakatawanyika jukwaani wakipiga kelele. Mwenzake hakusimama. Alicheza hadi noti ya mwisho, na watu wakamshangilia kuliko kawaida. Kama ni kweli au ni umbeya wa nyuma ya pazia, mimi simo, lakini ukiwapenda kuku na kuujua wivu, utakiamini kisa hicho.

Turudi kwa Lise. Iko sehemu fupi ambayo kwangu mimi ndiyo mtihani wake. Mama ametoka na kumfungia ndani. Lise, akidhani yuko peke yake, anaanza kuota mchana kweupe. Kwa ishara tu anajiona amevaa nguo ya harusi, kisha anajiona ana watoto: mmoja, wawili, watatu. Huyu anambembeleza, yule anamkanya. Na wakati wote huo Colas yuko hapo hapo ndani ya miganda, anaona kila kitu. Anapochomoza, msichana anatamani ardhi impasukie. Sehemu hiyo Ashton hakuitunga mwenyewe. Alifundishwa na Tamara Karsavina, mchezaji wa zamani wa Saint Petersburg aliyekuwa akiishi London, bibi wa miaka zaidi ya sabini wakati huo, aliyeihifadhi kichwani tangu ujana wake.

Sasa tazama jinsi wasichana mbalimbali wanavyoicheza. Mchezaji mcheshi, wa macho makubwa, huwageukia watazamaji kama anayewaambia, "Nanyi mnanijua mimi!" Ukumbi hucheka tangu mtoto wa kwanza, na Colas akichomoza kicheko hufika kwenye paa. Mchezaji mwenye haya hufanya ishara zile zile akizitazama mikono yake mwenyewe, na hapo utashangaa: watu hawacheki. Wanatulia tuli. Kuna wanaotabasamu na kuna wanaofuta jicho, maana wamemkumbuka msichana fulani waliyemjua, au waliyekuwa. Colas akichomoza, kicheko kinakuja kikiwa kimechanganyika na huruma. Sitakuambia ipi ni sahihi. Nitakuambia tu kwamba aina hiyo ya pili haitokei mara nyingi.

Na mama je? Mama Simone huchezwa na mwanamume, kama ilivyo desturi ya vichekesho vya jukwaani huko Uingereza. Ashton mwenyewe aliwahi kuvaa gauni mwaka wa 1948, akicheza mmoja wa dada wabaya katika Cinderella. Mama huyu ana densi moja maarufu ya viatu vya mbao, ndugu wa mitalawanda ya Pwani, ambayo Ashton aliitoa katika ngoma ya wafanyakazi wa Lancashire, kaskazini mwa Uingereza. Wasichana wanne wanajiunga naye, mdundo wa mbao unagonga sakafu, na hapo hata bwana aliyeburutwa na mkewe kuja huamka.

Hatari ya sehemu hiyo ni kwamba mwanamume aliyevaa gauni anaweza kuchekesha bila kufanya lolote. Atikise makalio, ajikune, anyanyue matiti ya bandia, na watu wako mikononi mwake. Wako wachezaji wa Simone wanaokubali zawadi hiyo ya bure usiku kucha. Watu hucheka sana, na mchezo ukifika mahali ambapo mama anawaona watoto hao wawili wamepiga magoti mbele yake, hawajui wafanye nini. Wamezoea kumcheka, kwa hiyo wanamcheka hata anapoamua jambo zito kuliko yote katika maisha ya bintiye.

Wengine huanza upande mwingine. Wanaingia kama mjane mwenye shamba la kuendesha peke yake, mchovu, mwenye hofu kwamba binti akiteleza hakuna mume wa kumsaidia kuubeba mzigo. Ni mkali kwa sababu anaogopa. Katika nyumba hiyo anapiga tari ili asisinzie huku Lise akicheza, kichwa kinaanguka, tari inaendelea kidogo, inanyamaza, anazinduka. Huo nao ni wakati wa kuchekesha mno, na unategemea nukta moja: akizinduka mapema, kicheko kinafia njiani. Lakini kwa Simone wa namna hii, watu wanacheka kwa kumjua. Wakati wa msamaha unapofika, ukumbi unangoja naye. Akina mama wanaosoma ukurasa huu, ambao wamewahi kusimama mlangoni saa tatu za usiku wakimngoja msichana, watanielewa.

Nimemwacha Alain nyuma kwa makusudi.

Mwaka jana niliwaalika wenzangu wa chama nyumbani. Tulipomaliza mambo ya pesa, badala ya kuanza kuwasema wasiokuwapo, niliwawekea mchezo huu kwenye runinga. Niliwawekea kwanza ule uliopigwa picha jukwaani mwaka wa 2005, Lise akiwa Marianela Nuñez wa Argentina, Colas akiwa Carlos Acosta wa Cuba, Simone akiwa William Tuckett na Alain akiwa Jonathan Howells. Ukumbi umejaa, na sauti ya watu inasikika. Wenzangu walicheka. Walimcheka mama, walimshangilia Acosta ("Huyo kijana angekuja kwetu hata bila mahari," alisema mmoja, nasi tukamfunika kinywa), na walimcheka Alain kila alipojikwaa. Ukumbi ulipocheka, nasi tulicheka.

Jumapili iliyofuata niliwawekea ule wa kikosi cha kwanza, wa Nerina, Blair, Holden na Grant, uliopigwa na BBC mwaka wa 1962. Huo hauna rangi. Tena ulipigwa studio, kwa hiyo hakuna watazamaji. Hakuna kicheko cha kukuambia ucheke wapi. Kamera inamsogelea Grant, na uso wake ni wa mtu anayefurahia kila kitu, asiyejua kwamba amekosea popote.

Chumba changu kilitulia. Alain alipoletwa mbele ya Lise kama mbuzi wa maonyesho, huku baba yake akimsukuma mgongoni, mwenzetu mmoja, ambaye mwanawe wa kwanza alichelewa kusema na anasoma shule maalum, aliuliza bila kugeuza kichwa: "Na huyo mtoto, kuna aliyemuuliza kama anataka mke?"

Hakuna aliyejibu. Kwa kweli hakuna aliyewahi kuuliza, si katika chumba changu wala katika hadithi. Tangu mwanzo tunamhurumia Lise kwa kuozwa kwa ajili ya mali, na tuna haki. Lakini Alain naye anauzwa. Baba yake anamtumia kuunganisha mashamba, anamvalisha, anamfundisha ainame vipi, na akiaibishwa mbele ya watu wote hakuna anayemshika bega. Anachokipenda yeye ni mwavuli. Tulikuwa tumeutazama mchezo huo wiki iliyopita na kucheka hadi machozi, na hatukuliona hilo.

Usinielewe vibaya, simlaumu Howells. Nilipomtazama tena peke yangu, sauti ya runinga nikiwa nimeizima, niliuona upole wake wote. Kilichokuwa kimenizuia kuuona ni ukumbi. Watu elfu mbili na zaidi wakicheka kwa pamoja, ni vigumu kuwa wewe peke yako unayenyamaza. Ndiyo maana nasema sehemu ya Alain ndiyo ngumu kuliko ile ya kumwinua msichana kwa kiganja. Mchezaji lazima awachekeshe watu, maana ni bale ya kuchekesha na wamelipa wacheke. Lakini akiwachekesha kwa kumdhihaki Alain, watu watatoka wakiwa wamejifunza kumcheka mtoto wa jirani. Akiwachekesha kwa kuwafanya waone furaha yake, watacheka pamoja naye. Hatua ni zile zile, na umbali kati ya hayo mawili ni mdogo kama unene wa uzi.

Alexander Grant alilijua hilo. Ashton alipofariki mwaka wa 1988, aliacha wosia unaogawa michezo yake kwa watu aliowaamini, na mchezo huu alimwachia Grant. Si Nerina aliyeruka, si Blair aliyebeba. Alimwachia Alain. Kwa miaka iliyobaki hadi kifo chake mwaka wa 2011, Grant ndiye aliyekuwa mwenye mali, akivifundisha vikosi vipya, vikiwemo vya nchi za mbali, jinsi ya kuicheza. Kila kundi lililotaka kumcheza Binti Asiyechungwa wa Ashton ilibidi lipite mlangoni kwa mtu mwenye mwavuli.

Wako mashabiki wa zamani ambao kwao hakuna kilichofanyika sawasawa tangu 1960. Lise ni Nerina, wengine ni wageni. Ninawaelewa, lakini siwaungi mkono. Kama ingekuwa hivyo, mchezo ungezikwa na wachezaji wake. Merle Park, mzaliwa wa Salisbury ambayo leo ni Harare, alipoichukua sehemu ya Lise baada ya Nerina, bila shaka alikuta viti vimejaa watu wenye mikono iliyokunjwa. Kadhalika Lesley Collier, aliyepigwa picha mwaka wa 1981 akiwa na Michael Coleman, na Natalia Osipova kutoka Urusi, aliyeicheza mwaka wa 2015 akiwa na Steven McRae wa Australia. Kila mmoja alilazimika kuifungua mikono hiyo upya. Naye Acosta, kitinda mimba katika familia ya watoto kumi na mmoja, mwana wa dereva wa lori wa Havana, si kijana ambaye Dauberval alimwazia alipokuwa akiandika habari za mkulima wa Kifaransa. Tazama lakini anavyoingia akiwa na fimbo yake begani, uniambie kama huyo si Colas. Kijana maskini anayetaka msichana wa nyumba yenye ukuta: sidhani kama kuna mtu alihitaji kumfundisha hilo.

Ukitaka kuujaribu mwenyewe pale nyumbani, anza na ule wa 2005, maana rangi na shangwe zitawakamata watoto. Waache wawacheke kuku na kumshangilia farasi. Wiki nyingine weka ule wa 1962, na usiwaambie lolote.

Ngoja hadi mwisho kabisa. Harusi imekubaliwa, watu wote wametoka nje wakiimba na kucheza, nyumba ya Mama Simone imebaki tupu. Dirisha linafunguka na Alain anaingia kwa kunyata. Anatafuta huku na huku. Anauona mwavuli wake mwekundu aliousahau, anaukumbatia, anaondoka, na pazia linashuka. Kikosi kimoja kikicheza hapo, watu hupasuka kwa kicheko. Kikosi kingine kikicheza, kicheko huanza, kikakatika, halafu makofi huja polepole.

Mimi, nikipewa tikiti moja tu ya Covent Garden na nikaambiwa nichague usiku, sitauliza nani anacheza Lise. Nitauliza nani ameshika mwavuli.